Kufundisha kutoa kwa kukopa: kutoka kwenye vijiti hadi namba zenye sifuri

Mtoto wa darasa la tatu ameandika 53 − 27 = 34. Jirani yake kwenye dawati ameandika 36. Wote wamewekewa kosa, wote wameambiwa warudie, na wote watakosea tena vilevile, kwa sababu hakuna aliyekosea kwa haraka wala kwa uvivu. Wa kwanza ana kanuni yake: toa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. 7 toa 3, anaandika 4. Wa pili amekopa sawasawa, 13 toa 7 ni 6, ila yale makumi matano ameyaacha yakiwa matano. Ukiwafundisha wote wawili somo moja, mmoja wao hutamsaidia.

Mwongozo huu ni wa walimu wa darasa la pili hadi la nne, na wa mzazi anayekaa na mtoto mezani jioni. Zana zake mtu wa Moshi au Arusha atazipata bila kununua karibu chochote. Tenga vipindi nane hadi kumi vya dakika 40. Ukilazimisha uishe kwa vipindi vitatu, utaurudia muhula ujao.

Pima kwanza

Andika hesabu hizi tano ubaoni kwa ulalo, ili kila mtoto azipange wima mwenyewe:

53 − 27
60 − 34
84 − 7
305 − 128
400 − 156

Darasa la pili wafanye tatu za mwanzo tu. Usihesabu waliopata na waliokosa. Soma majibu yaliyokosewa, kwa maana kila moja linasema jambo lake:

- 53 − 27 (jibu 26). Ukiona 34, mtoto anageuza tarakimu. Ukiona 36, amekopa bila kupunguza.
- 60 − 34 (jibu 26). Ukiona 34, anageuza. 36, hapunguzi. 30, anaamini kwamba "sifuri toa nne" ni sifuri, kwa kuwa hakuna cha kutoa.
- 84 − 7 (jibu 77). Ukiona 14, tatizo liko kwenye kupanga: 7 imeandikwa chini ya 8. 83 ni wa kugeuza, 87 ni wa kutopunguza.
- 305 − 128 (jibu 177). Ukiona 223, anageuza. 277, ameifanya sifuri kuwa 9 bila kugusa mamia. 127 au 87, ameruka sifuri na kukopa moja kwa moja kutoka kwenye 3.
- 400 − 156 (jibu 244). Ukiona 254, amezifanya sifuri zote mbili kuwa kumi.

Namba hizi hazikuchaguliwa ovyo. Chukua 52 − 27, hesabu inayopendwa sana kwenye mazoezi. Anayegeuza atasema 7 toa 2 ni 5, atapata 35. Asiyepunguza atasema 12 toa 7 ni 5, naye atapata 35. Kila pale tarakimu ya chini inapoizidi ya juu kwa 5, makosa haya mawili hutoa jibu lilelile na mwalimu hajui atibu lipi. Kwa hiyo kwenye hesabu za kupimia, epuka tofauti ya 5 kwenye mamoja.

Kisha waite watoto wachache, mmoja mmoja. Usiulize "Kwa nini umekosea?" Sema "Nionyeshe ulivyofanya," halafu nyamaza. Dakika mbili za kumsikiliza zinazidi daftari zima la kusahihisha.

Zana

Unahitaji vijiti, si visoda. Visoda ni vizuri kwa kuhesabu, lakini visoda kumi havishikamani vikawa kitu kimoja. Hapa mtoto lazima ashike kumi kama kitu kimoja, akifungue, na aone kwa macho yake vijiti kumi vikitoka ndani.

Kata vijiti vya urefu wa sentimita 10, unene wa penseli, vilivyonyooka. Vikiwa vyembamba kama njiti za kiberiti vinateleza na kuvunjika. Vikiwa vinene, bunda halishikiki kwa mkono wa mtoto wa miaka minane. Kundi la watoto watano au sita linahitaji vijiti 110: mabunda 9 ya vijiti kumi kumi, na vijiti 20 vilivyolegea. Darasa la watoto 60 lina makundi kumi, yaani vijiti 1,100. Ni vingi, lakini kila mtoto akileta 20 kutoka nyumbani vinapatikana na vinabaki.

Cha kufungia: tyubu chakavu ya baiskeli. Omba kwa fundi, ikate kwa upana kuwa pete za nusu sentimita. Tyubu moja hutoa pete zaidi ya 300. Pete izungushwe mara mbili kwenye bunda. Kamba za mgomba zilizokauka ziko kila kihamba (shamba la migomba la nyumbani) na zinafunga vizuri ukizilowesha kwanza, ila fundo linachelewesha. Mtoto akitumia dakika nzima kufungua fundo, amesahau alichotaka kutoa.

Mabunda kumi yaliyofungwa pamoja tunayaita tita, kama tita la kuni. Tengeneza matita manne kwa ajili ya darasa zima, yanatosha. Kwa hiyo mtoto ana majina matatu: kijiti ni mamoja, bunda ni makumi, tita ni mamia. Wengine husema "fungu" mahali pa bunda. Sisi tunaliepuka, kwa sababu fungu la nyanya kwenye soko la Mbuyuni au la Kilombero halina idadi maalumu, leo nne, kesho sita, na bunda letu lazima liwe kumi kila siku.

Mwisho, pasua mfuko wa saruji, ugeuze upande wa ndani, uchore safu tatu zenye upana wa sentimita 20 kila moja: mamia kushoto, makumi katikati, mamoja kulia. Huo ndio ubao wa kupangia vijiti.

Hatua ya 1: Kufunga

Lipe kundi vijiti 34 vilivyolegea. Wahesabu, wafunge mabunda, waweke kwenye safu zake. Kila mtoto aseme kwa sauti namna mbili: "Makumi matatu na mamoja manne. Thelathini na nne."

Usiruke usemi wa kwanza. Sitini, sabini na tisini zinafanana na sita, saba na tisa, kwa kuwa zote asili yake ni Kiarabu. Lakini mbili, tatu, nne, tano na nane ni za Kibantu, na makumi yake ni ya Kiarabu: ishirini haina sauti ya mbili ndani yake, wala arobaini haina ya nne. Mtoto anayesikia "arobaini" hana kinachomwambia kwamba kuna nne humo. Akizoea kusema "makumi manne, arobaini", pengo hilo linazibika. Kwa upande mwingine Kiswahili kinatusaidia kwenye kumi na moja hadi kumi na tisa, ambapo jina lenyewe linataja kumi na kilichozidi. Watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza hawana msaada huo, nao huchanganya "fiftini" na "fifti". Hao wasemeshe kwa Kiswahili kwanza, vijiti vikiwa mkononi.

Angalia pia wanavyoandika wanachosikia. Mia moja na tano huandikwa 1005 na mtoto aliyeandika 100 kisha 5. Mpe tita moja na vijiti vitano, muulize safu ya makumi ina nini. Haina kitu, na sifuri inaandikwa pale kushika nafasi.

Hatua ya 2: Kufungua

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayobeba nyingine zote. Hapa hakuna kutoa kabisa.

Weka 34: mabunda 3, vijiti 4. Mwambie mtoto afungue bunda moja na kuhamishia vijiti vyake safu ya mamoja. Sasa ana mabunda 2 na vijiti 14. Muulize: "Vijiti vyote vimeongezeka, vimepungua, au ni vilevile?" Mtoto ambaye hajaelewa ataanza kuhesabu upya kimoja kimoja. Mwache ahesabu. Fungua bunda lingine: 1 na 24. Uliza tena. Rudia kwa 52, 61, 80. Dalili kwamba yuko tayari ni moja tu: anajibu "ni vilevile" bila kuhesabu, na akiulizwa kwa nini anasema hakuna aliyeondoa kitu.

Ipe hatua hii vipindi viwili kamili, hata kama unaona darasa limeelewa kwenye cha kwanza.

Kuhusu neno "kukopa": limezoeleka vitabuni na wazazi wote wanalijua, kwa hiyo mtoto atalikuta tu. Lakini lina kasoro. Mkopo hurudishwa, na wapo watoto wanaouliza ile kumi italipwa lini. Wana haki ya kuuliza. Kwa hatua nne za mwanzo sema "fungua bunda". Neno kukopa lije baadaye, kama jina la kitu anachokijua tayari.

Hatua ya 3: Kutoa kwa mikono, bila kuandika

"Mama ana ndizi 43. Ameuza 16. Zimebaki ngapi?"

Mtoto apange 43 tu. Kosa linalofanywa na walimu wengi hapa ni kuwapangisha watoto namba zote mbili, 43 juu na 16 chini. Sasa mezani kuna vijiti 59 na mtoto hajui atoe nini wapi. Wengi huishia kujumlisha. Zile 16 hazipo peke yake mezani, ziko ndani ya 43.

Anahitaji kutoa vijiti 6, anavyo 3. Afungue bunda moja, awe na mabunda 3 na vijiti 13. Atoe vijiti 6, atoe bunda 1. Yamebaki mabunda 2 na vijiti 7. Akianza na bunda kabla ya vijiti, usimkataze. Kwenye vijiti haidhuru. Kuanzia kulia ni kwa ajili ya kalamu, ili asifute alichokwisha kuandika.

Mambo mawili ya kukemea mapema. La kwanza, mtoto anayefungua mabunda yote na kuhesabu moja hadi arobaini na tatu. Mpe sharti: bunda moja tu, na pale tu mamoja hayatoshi. La pili ni la mwalimu: zoezi lenye hesabu za kukopa tupu. Darasa lililofanya hamsini za namna hiyo litakopa hata kwenye 47 − 23. Katika kila hesabu kumi, nne ziwe zisizohitaji kufungua kitu, zikiwa zimechanganywa, na kabla ya kila moja watoto waulizane: "Mamoja yanatosha?"

Hatua ya 4: Mmoja mikono, mwingine kalamu

Wawili wawili. Mmoja anashika vijiti, mwenzake anaandika, na kila tendo la mkono lina alama yake moja kwenye daftari. Hesabu ikiisha wanabadilishana.

Kwa 53 − 27: mkono unachukua bunda moja kutoka kwenye matano, kalamu inakata 5 na kuandika 4 juu yake. Mkono unafungua na kuweka vijiti kumi pamoja na vitatu. Kalamu inakata 3 na kuandika 13 juu yake. Ndipo watoe.

4   13
5    3
2    7
2    6

Mstari wa juu ni namba baada ya kufungua. Shikilia mpangilio huu: kwanza punguza makumi, halafu andika 13. Walimu wengi huanza na 13 kwa kuwa ndiyo inayohitajika haraka, na 5 inasahaulika. Wale waliopata 36 kwenye kupima wengi hupona kwa kubadilisha mpangilio huu peke yake.

Daftari liwe la miraba, tarakimu moja kwa mraba mmoja. Kama ni la mistari ya kawaida, ligeuzwe kwa ubavu: mistari inasimama wima na kuwa safu za makumi na mamoja. Yule aliyepata 14 kwenye 84 − 7 anahitaji hili kuliko kitu kingine.

Watoto watakwama pia kwenye 13 toa 7, wakirudi kwenye vidole. Vijiti vinaonyesha njia nyepesi: toa 7 kwenye lile bunda lililofunguliwa, zinabaki 3, ziongeze kwenye 3 zilizokuwepo, ni 6. Anayejua kwamba 7 na 3 ni kumi, 8 na 2 ni kumi, 6 na 4 ni kumi, hahitaji kukariri zaidi ya hapo. Dakika tano za mwanzo wa kila kipindi ziwe za hizo pacha za kumi. Masika, mvua ikipiga mabati na sauti isisikike, wafanye kwa kuonyeshana vidole.

Hatua ya 5: Kuacha vijiti

Badala ya bunda mtoto achore mstari, badala ya kijiti nukta. 53 ni mistari mitano na nukta tatu. Kufungua ni kukata mstari mmoja na kuchora nukta kumi. Baada ya kipindi kimoja wengi huona uvivu wa kuchora nukta na kuandika namba moja kwa moja. Waache. Asiyetaka kuacha kuchora naye mwache, hadi aache mwenyewe.

Hatua ya 6: Mamia, na sifuri katikati

Lete matita. Weka 305 mbele ya darasa: matita 3, safu ya makumi tupu, vijiti 5. Tunatoa 128. Vijiti havitoshi. Uliza: "Tufungue bunda gani?" Hakuna bunda. Nyamaza na usubiri. Mtoto mmoja atasema tufungue tita, na aitwe mbele alifungue.

Yanatoka mabunda 10. Matita yamebaki 2. Bado vijiti ni 5. Sasa fungua bunda moja kati ya yale kumi: mabunda 9, vijiti 15. Ile 9 ambayo watoto hukariri bila kujua imetoka wapi, wameiona ikizaliwa. Ubaoni ni 2, 9, 15; toa 1, 2, 8; jibu 177. Kwa 400 − 156 ni 3, 9, 10, jibu 244. Yule wa 254 ataona kwamba sifuri ya makumi haiwezi kubaki kumi, kwa kuwa bunda moja limeshafunguliwa.

Wakishaelewa, wape njia fupi: 305 ni makumi 30 na mamoja 5. Fungua kumi moja, ni makumi 29 na mamoja 15. Kata 30 yote kwa pamoja na uandike 29. Usiitoe kabla ya tita kufunguliwa mbele yao, maana itakuwa uchawi mwingine wa kukariri.

Kwa maelfu, vijiti havifai tena. Tumia pesa za karatasi ya boksi: sarafu ya 100, noti ya 1,000, noti ya 10,000. Kila moja ni mara kumi ya iliyotangulia. Noti za 2,000 na 5,000 na sarafu za 50, 200 na 500 ziweke pembeni kwanza. Swali zuri la kufungia hatua hii wanaliona dirishani: kilele cha Kilimanjaro kipo mita 5,895, na Mlima Meru vitabu vingi huuandika mita 4,566. Kilimanjaro unauzidi kwa mita ngapi? Ni 1,329.

Hatua ya 7: Kuhakiki

Jibu ujumlishe na ulichotoa, upate ulichoanza nacho. 26 na 27 ni 53. Aliyeandika 34 atapata 61 na ataona mwenyewe.

Mfundishe pia hesabu ya Mangi, mwenye duka. Umempa 10,000 kwa vitu vya 3,650. Anapanda tu, hakopi chochote: 50 inafika 3,700, 300 inafika 4,000, 6,000 inafika 10,000. Chenji 6,350. Kwa namba zenye sifuri nyingi njia hii ni salama kuliko kukata na kuandika, na mtoto anayeipendelea asinyimwe alama.

Pale ambapo kumi inakuwa sitini

Darasa la nne wakifika kwenye saa, makosa hurudi. Basi limetoka Moshi saa 2:45 asubuhi, limefika Arusha saa 4:10. Limetumia muda gani? Wengi hukopa saa moja na kuiandika kama 100: dakika 110 toa 45 ni 65, wanapata saa 1 na dakika 65. Saa ikifunguliwa inatoa dakika 60: 3:70 toa 2:45 ni saa 1 na dakika 25. Swali la kuwazoesha ni lilelile la tangu mwanzo: "Nikifungua hii, zinatoka ngapi ndani?" Kilomita hutoa mita 1,000, wiki hutoa siku 7, trei ya mayai hutoa 30.

Yanayoharibu kazi

Bunda lenye vijiti tisa. Kijiti kimoja kikidondoka chini ya dawati, hesabu zote za kipindi kinachofuata zinakataa na mtoto anaacha kuamini vijiti. Dakika tatu za mwisho ni za kufunga upya na kuhesabu 110 kabla mfuko wa vijiti haujarudi.

Kundi ambalo mtoto mmoja mwepesi anafanya na watano wanatazama. Mfuko uhame mkono kila hesabu moja.

Na nyumbani, mzazi kutumia njia nyingine kwa nia njema. Baadhi ya watu wazima walifundishwa kukopa juu na kulipa chini: 53 − 27, 13 toa 7 ni 6, kisha 2 inaongezewa moja inakuwa 3, na 5 toa 3 ni 2. Ni njia sahihi kabisa. Lakini mtoto akiichanganya na ya shuleni atapunguza juu na kuongeza chini, 4 toa 3, na kuandika 16. Ukiona 16, jua kuna walimu wawili. Mwite mzazi, mwonyeshe vijiti, mkubaliane njia moja hadi mtoto aimudu.

Wiki tatu baada ya kumaliza, wapime tena kwa namba mpya: 71 − 48, 90 − 63, 62 − 5, 402 − 175, 600 − 238. Majibu ni 23, 27, 57, 227 na 362. Atakayekosea usimrudishe mwanzo kabisa wala usimpe hesabu ishirini za adhabu. Mpe 34 za vijiti, afungue bunda moja, na umuulize kama vimeongezeka.